Mtambo Unaosema Bila Kusikia

Kuna ripoti ya kurasa kumi na moja yenye sahihi yangu ambayo kwa miaka mingi sikuwahi kuitaja darasani. Haikuwa na hesabu hata moja iliyokosewa. Kila jedwali lilijumlishwa sawasawa, kila mchoro ulikuwa na vipimo vyake, na hitimisho lilitokana na hoja zake kama inavyotakiwa. Pamoja na hayo yote, ilichosema hakikuwa kweli, na kwa muda wa miezi mitatu kilitumika kuwaambia watu wa vijiji viwili kwamba masikio yao yanawadanganya.

Naieleza leo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba muhula huu mwanafunzi wa mwaka wa nne aliniletea rasimu ya mradi wake, na katika michoro yake mizuri nikajiona mimi mwenyewe wa zamani. Ya pili ni kwamba wasomaji wengi wa ukurasa huu ama ni watu wa kuweka sahihi, yaani watumishi wa umma ambao meza zao hupokea ripoti za wataalamu kila wiki, ama ni watu wa kuzihoji sahihi hizo. Wote wanapaswa kujua modeli ni kitu gani, inasema nini, na inanyamazia nini.

Wakati huo nilikuwa mhadhiri msaidizi. Ofisi moja, ambayo sitaitaja, iliniomba ushauri. Kituo cha redio kilitaka kufunga mtambo wake wa kurushia matangazo juu ya mlima ambao tayari ulikuwa na mnara wa kituo kingine. Mnara ungekuwa mmoja, antena mbili, umbali wa mita chache kati yake. Swali lilikuwa jepesi kulitamka: je, mgeni huyu atavuruga matangazo ya wengine? Namba nitazibadilisha ili nisimtambulishe mtu, lakini uhusiano wake nitaubakiza kama ulivyokuwa. Mwenyeji alikuwa megahezi 98.5. Mgeni alipangiwa 101.3. Na ng'ambo ya bonde kulikuwa na kituo kidogo cha jamii, chenye mtambo wa nguvu ndogo, kwenye 95.7. Hicho ndicho kilichotangaza bei za mahindi na viazi, mafunzo ya kilimo, mikutano ya kijiji na habari za misiba.

Mhandisi anayetaka kujua amplifaya itafanya nini kabla ya kuiwasha ana njia mbili. Ya kwanza ni kuingia ndani yake: kuandika milinganyo ya kila transista, kila koili, kila kapasita, na kuiachia kompyuta iitatue. Njia hii ina uaminifu mkubwa, lakini ni nzito kupita kiasi. Wimbi la megahezi 100 hupanda na kushuka mara milioni 100 kwa sekunde. Ukitaka kompyuta ifuatilie kila kupanda na kila kushuka, katika kila kijenzi, kwa mfumo mzima kuanzia studio hadi redio iliyo jikoni kwa mkulima, utasubiri hadi usahau ulikuwa unauliza nini. Isitoshe, mara nyingi mtengenezaji hataki ujue kilichomo ndani.

Njia ya pili ni kusimama nje. Unaupa mlango wa kuingilia wimbi la nguvu fulani, unapima kinachotoka upande wa pili, unaandika. Unaongeza nguvu, unapima tena. Ukishakuwa na majibu ya kutosha unatafuta kanuni fupi ya hisabati inayotoa majibu yale yale. Hiyo ndiyo modeli ya tabia. Haidai kuijua roho ya kifaa. Inadai kujua mwenendo wake tu. Ndivyo tunavyowajua hata majirani zetu: hatujui yaliyo moyoni mwao, lakini tunajua nani ukimgongea hodi saa nne usiku atafungua na nani atazima taa.

Kazi hii ingekuwa rahisi kama vifaa vyote vingefuata mstari mnyoofu. Kifaa cha namna hiyo, ukizidisha mara mbili kinachoingia, kinachotoka nacho huzidi mara mbili. Na ukikipa mawimbi mawili kwa pamoja, jibu lake ni jumla ya majibu ya kila wimbi peke yake. Kwa vifaa hivyo wahandisi wanazo parameta-S, zilizoenea maabarani tangu miaka ya 1960, na hazina mpinzani. Lakini amplifaya ya nguvu kubwa haifuati mstari. Ikifika karibu na kilele cha uwezo wake huanza kuchoka: unaiongezea desibeli 1 mlangoni, nayo inakurudishia nusu desibeli, kisha robo, kisha hairudishi kitu. Na mawimbi mawili yakikutana ndani yake hayapishani kwa heshima kama wageni wawili kwenye baraza. Huzaa mawimbi mengine, kwenye masafa ambayo hakuna aliyeyaombea leseni.

Si kwamba modeli za vifaa hivyo zina kasoro kwa asili yake. Nyingine ni kazi za kuvutia mno. Mwaka 1981 Adel Saleh, mhandisi aliyepata shahada yake ya kwanza huko Alexandria nchini Misri na wakati huo akifanya kazi Bell Labs nchini Marekani, alichapisha kanuni ya kueleza amplifaya za mirija zilizotumika katika satelaiti. Kifaa kizima, pamoja na usumbufu wake wote, alikieleza kwa namba nne: mbili zinasema ukubwa wa wimbi unavyobanwa, mbili zinasema wimbi linavyosogezwa kutoka pembe yake. Zaidi ya miaka 40 baadaye, mwanafunzi anayejifunza kubuni mfumo wa satelaiti bado anaanza na namba hizo nne. Sanaa ya modeli ya tabia iko hapo: kuacha mengi, na kujua unaacha nini.

Mimi niliacha mengi bila kujua naacha nini.

Hoja ya ripoti yangu ilikuwa hii. Matangazo ya FM hubeba sauti kwa kubadilisha masafa ya wimbi. Ukubwa wake haubadiliki. Kwa hiyo amplifaya ya FM inaweza kusukumwa hadi kilele chake bila kuharibu sauti, na ndivyo zinavyoendeshwa ili kuokoa umeme. Kinachobaki kuogopwa ni vizidisho vya masafa: mtambo wa 98.5 utatoa pia kiasi fulani kwenye 197 na 295.5. Dhidi ya hivyo kuna kichujio kinachoruhusu masafa ya chini na kuzuia ya juu. Nilijenga modeli ya mtambo wa mwenyeji, nikajenga ya mtambo wa mgeni, kila moja ikiwa na mlango mmoja wa kuingilia na mlango mmoja wa kutokea, nikaziweka katika programu ya uigaji, na kompyuta ikanionyesha spektra safi kama anga baada ya mvua. Nikaandika: hakuna mwingiliano unaotarajiwa. Nikatia sahihi.

Mtambo wa mgeni ukawashwa. Wiki ya kwanza haikupita kabla malalamiko hayajaanza. Watu wa vijiji vilivyo chini ya mlima walisema kituo chao cha 95.7 kimeingiliwa: sauti mbili zinagombana, muziki wa mjini unamfunika mtangazaji wa kilimo. Barua ya serikali ya kijiji ikapelekwa ofisini. Ofisi ikajibu kwa adabu kwamba utafiti wa kitaalamu ulishafanyika, kwamba mwingiliano hautarajiwi, na kwamba tatizo bila shaka limo katika redio za wananchi wenyewe, ambazo nyingi ni za bei nafuu. Barua hiyo iliambatanishwa na ukurasa wa hitimisho wa ripoti yangu.

Nataka kuwa mwadilifu kwa aliyeandika jibu hilo, kwa maana halikuwa upuuzi. Redio ya bei nafuu iliyo karibu na mnara hulemewa kweli. Mawimbi mawili yenye nguvu huingia kwenye saketi yake ya mwanzo, nayo pia haifuati mstari, hivyo yanazaa wimbi la tatu ndani ya redio yenyewe wakati hewani hakuna kitu. Kwa maneno mengine, palikuwa na maelezo mawili ya kisayansi yanayolingana na malalamiko yale yale. Moja liliwalaumu wenye mitambo, jingine liliwalaumu wenye redio. Kati ya hayo mawili, lilichaguliwa lile lisilomgharimu mwenye mtambo hata senti, na ripoti yangu ndiyo iliyolibariki.

Mwezi wa tatu nilipelekwa huko, zaidi kwa kutuliza hasira kuliko kwa kupima. Katika kijiji cha kwanza nilikaribishwa nyumbani kwa mzee mmoja aliyekuwa na redio yake mezani, imefungwa mpira kushikilia mfuniko wa betri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ndiwe uliyeandika kwamba redio zetu mbovu?"

Nikamweleza, kwa maneno niliyoona ni mepesi, habari za kulemewa kwa redio. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza maswali mawili.

"Redio za kijiji kizima ziliharibika siku moja? Na siku yenyewe ikawa ile ile mliyowasha mtambo wenu?"

Nikaanza kumjibu kwamba hata hilo linawezekana, kwa sababu ni mtambo mpya ndio unaozilemea. Hakubishana nami. Alisema tu: "Dada yangu alizikwa Jumanne, ng'ambo ya bonde. Tangazo lilisomwa mara mbili asubuhi. Mimi nilisikia muziki. Nilipofika, watu walikuwa wanaanua turubai."

Sikuwa na neno. Lakini katika gari nilikuwa na mashine ya kupimia spektra niliyoiazima, na kifaa kidogo cha chuma, kifupi kuliko kidole gumba, kiitwacho kipunguza nguvu. Kuna jaribio la zamani ambalo kila fundi wa redio anapaswa kulijua. Ukiweka kipunguza nguvu cha desibeli 3 kati ya antena na kipokezi, kila wimbi linalotoka hewani litashuka kwa desibeli 3. Lakini wimbi la tatu linalozaliwa ndani ya kipokezi chenyewe litashuka kwa desibeli 9, kwa sababu hutokana na kuzidishana kwa mawimbi yaliyolizaa, na kila hatua inayopunguzwa kwao huhesabiwa mara tatu kwake. Jaribio halihitaji modeli wala kompyuta. Nilisimama uani kwa mzee, kuku wakipita miguuni, nikasoma ukubwa wa wimbi lililokaa juu ya 95.7. Nikaweka kipunguza nguvu. Nikasoma tena.

Lilishuka kwa desibeli 3.

Wimbi lilikuwa hewani. Redio ya mzee ilikuwa nzima. Ripoti yangu ndiyo iliyokuwa mbovu.

Usiku ule nilielewa kilichotokea, na tangu hapo sijaacha kukifikiria. Antena haichagui; hupokea vile vile inavyorusha. Wimbi la mgeni, 101.3, liliingia katika antena ya mwenyeji, likateremka kwenye kebo yake, likapita kichujio bila kizuizi kwa kuwa nalo ni la masafa ya FM, na likafika kwenye amplifaya ya 98.5 kwa kupitia mlango wa kutokea. Amplifaya ilikuwa ikifanya kazi kwa nguvu zote, ikiwa mbali kabisa na mstari mnyoofu. Humo mawimbi mawili yakakutana, na kati ya yote yaliyozaliwa, lenye nguvu kuliko mengine lilikaa upande wa pili wa 98.5 kama taswira kwenye kioo: mgeni alikuwa megahezi 2.8 juu ya mwenyeji, taswira yake ikawa megahezi 2.8 chini. Toa 2.8 katika 98.5, unapata 95.7. Likarudi juu kwa kebo ile ile, likarushwa bondeni.

Modeli yangu isingeweza kuliona hilo hata ningeiendesha mwaka mzima. Mlango wa kutokea, katika hisabati yangu, ulikuwa mdomo tu. Niliipa amplifaya uwezo wa kusema, sikuipa uwezo wa kusikia. Hata kama ningezichukua parameta-S, ambazo zina namba ya kueleza wimbi linaloingia kinyumenyume kwenye mlango wa kutokea, nisingeokoka. Namba hiyo husema ni kiasi gani cha wimbi kitaakisiwa kwenye masafa yale yale lililokuja nayo. Haina mahali pa kuandika kwamba litarudi kwenye masafa mengine kabisa.

Hisabati inayofaa ipo. Mwaka 2006 Jan Verspecht na David Root walieleza, katika jarida la wahandisi wa mawimbi mafupi, namna ya kuijenga modeli ya amplifaya inayofanya kazi kwa nguvu kubwa huku ikipokea mawimbi madogo katika milango yake yote. Ndiyo njia iliyokuja kujulikana baadaye kwa jina la parameta-X. Wazo lake la msingi halihitaji shahada kulielewa. Kwanza unaiacha amplifaya ifanye kazi yake halisi, kwa nguvu yake halisi. Kisha unaichokoza kwa wimbi dogo kutoka nje, hata kwa mlango wa kutokea, na kusikiliza. Utagundua kwamba jibu lake lina sehemu mbili. Ya kwanza ni mwangwi wa kawaida wa kile ulichokituma. Ya pili ni taswira yake ya kioo. Kifaa kinachofuata mstari kina sehemu ya kwanza tu. Sehemu ya pili hujitokeza kwa sababu amplifaya iko kazini, na ndiyo iliyomfanya mzee yule afike wakati turubai linaanuliwa.

Tiba ilikuwa ya kawaida: kichujio chembamba kwa kila mtambo, kinachopitisha masafa yake tu na kuyazuia ya jirani, pamoja na kifaa kinachopitisha mawimbi upande mmoja na kuyameza yanayorudi. Mwenye kituo alilalamika juu ya gharama, lakini alilipa. Sauti ya 95.7 ikarudi. Ofisi haikuwaandikia wanakijiji barua ya pili. Wala mimi sikuwaandikia, na hilo ndilo linalonisumbua zaidi kuliko hesabu.

Mtu anaweza kusema kwamba nimekuza jambo dogo. Basi tuzibadilishe namba kidogo. Weka mlimani mwenyeji wa 104.1 na mgeni wa 97.9. Mgeni yuko megahezi 6.2 chini, taswira itakaa megahezi 6.2 juu, yaani 110.3. Bendi ya FM inaishia 108, na inapoishia ndipo inapoanza bendi ya usafiri wa anga. Kati ya 108 na 112 hufanya kazi mitambo inayomwelekeza rubani kwenye mstari wa njia ya kurukia wakati haoni chini, na 110.3 ni mojawapo ya masafa yake. Ndiyo maana kuna miongozo ya kimataifa kuhusu ujirani wa redio za FM na viwanja vya ndege. Hoja iliyoniridhisha mimi mezani, na sentensi ile ile ya "hakuna mwingiliano unaotarajiwa", ingeweza kupita pia kwa mlima ulio karibu na uwanja wa ndege. Sikukosea kidogo, niliponea kwa bahati ya masafa.

Na hali imezidi kuwa ngumu tangu siku hizo. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 Dar es Salaam ilizima televisheni ya analojia. Televisheni ya dijitali, kama ilivyo intaneti ya simu, haibebwi na wimbi moja lenye ukubwa usiobadilika. Hubebwa na maelfu ya mawimbi madogo yanayosafiri pamoja, ambayo mara kwa mara hukutana kileleni yakafanya wimbi refu mara nyingi kuliko wastani. Hoja yangu ya FM haina nafasi tena hapo. Tena amplifaya hizi zina kumbukumbu. Transista iliyopata moto sekunde iliyopita haijibu kama iliyokuwa imepumzika. Chaji zilizonaswa ndani yake huchukua muda kuachiliwa. Kinachotoka sasa hutegemea kilichoingia sasa na pia kilichoingia kabla.

Hisabati ya vitu vyenye kumbukumbu tunadaiwa na Vito Volterra, Mwitaliano aliyezaliwa mwaka 1860. Kuanzia miaka ya 1880 alikuwa akiandika juu ya viwango vinavyotegemea historia nzima ya jambo, si hali yake ya sasa pekee. Mwaka 1942 Norbert Wiener aliitumia mifululizo ya Volterra kueleza saketi isiyofuata mstari, na polinomia zenye kumbukumbu zinazosahihisha mawimbi katika minara ya simu leo ni matawi yaliyopogolewa ya mti ule ule.

Lakini Volterra namtaja pia kwa sababu nyingine, inayohusu sahihi. Mwaka 1931 serikali ya Mussolini iliwataka maprofesa wote wa vyuo vikuu nchini Italia waape utii kwa utawala wa kifashisti. Walikuwa takriban 1,200. Waliokataa hawakuzidi sana kumi na wawili. Volterra alikuwa mmoja wao, akiwa na umri wa miaka 71, naye akapoteza kiti chake katika Chuo Kikuu cha Roma. Wengi walioapa hawakuwa mafashisti. Walikuwa na familia, wanafunzi, maabara. Karatasi ilikuwa mbele yao, na kila mmoja aliamini kwamba sahihi moja haibadilishi kitu. Kiapo chao na ripoti yangu si vitu vya uzito mmoja, na sivilinganishi. Ninachojifunza kwake ni kwamba msomi hulipwa kwa ajili ya kuujua uzito wa jina lake chini ya karatasi, na kwamba kuna karatasi ambazo jibu lake sahihi ni kutokutia sahihi mpaka upate jibu la swali fulani.

Kwa hiyo ninawaachia watumishi wa umma na wanaharakati maswali matatu ya kuiuliza ripoti yoyote inayojengwa juu ya modeli, iwe ya mawimbi, ya mafuriko, ya foleni za magari au ya bei za mbolea.

Kwanza: kifaa kilipimwa kikiwa katika hali gani? Amplifaya iliyopimwa kwa nguvu ndogo, maabarani penye kiyoyozi, ikiwa imeunganishwa na mzigo uliokamilika, haijapimwa kwa ajili ya mlimani. Modeli husema kweli ndani ya mipaka ya vipimo vilivyoizaa, na ripoti isiyoandika mipaka hiyo haijakamilika, hata ikiwa na michoro ya rangi.

Pili: ni mlango gani haukuulizwa? Hapa ndipo nilipoanguka mimi. Kila modeli inaamua mapema athari zitaingilia wapi, na zilizokuja kwa njia nyingine hazitaonekana hata kama kompyuta ni kubwa kiasi gani. Swali hili lina uzito wa pekee kwetu tunaonunua mitambo kutoka nje. Mtengenezaji hutuletea pia faili ya modeli, mara nyingi imefungwa kwa ufunguo wake, na ndani yake ameshaamua milango ipi itafunguliwa. Ukinunua mtambo na modeli lakini ukakosa mashine ya kuipima mwenyewe, umenunua majibu pamoja na maswali yake.

Tatu: modeli ikikosea, nani atakuwa wa kwanza kuhisi, na sauti yake itaingilia mlango gani? Mlimani kwetu aliyekuwa na kipimo bora kuliko vyote alikuwa mzee mwenye redio ya kufungwa mpira. Alikuwa na taarifa sahihi wiki ya kwanza. Ilichukua miezi mitatu kwa sababu ofisi, kama amplifaya yangu ya kwenye karatasi, ilijengwa kwa ajili ya kutoa barua tu.

Nirudi kwa mwanafunzi wangu. Mradi wake unahusu amplifaya ya mnara wa simu, na modeli aliipata kwa mtengenezaji. Nilipomuuliza itakuwaje antena ya jirani ikirusha wimbi ndani yake, alinyamaza kidogo, akasema: "Mwalimu, kwenye programu hakuna sehemu ya kujaza hilo." Ni jibu la kweli kabisa. Ningejibu hivyo hivyo enzi zangu.

Alikaa maabarani wiki tatu na mashine yetu moja iliyochakaa, akaichokoza amplifaya kutoka mlango wa kutokea, akaandika. Michoro yake mipya si mizuri kama ya kwanza. Ina mikwaruzo, na kuna eneo moja ambalo ameliacha tupu kwa sababu mashine haikufika huko. Lakini sasa rasimu ina ukurasa unaoitwa "Mipaka ya modeli hii", na katika ukurasa huo ameandika kwa nguvu gani alipima, kwa joto gani, na mlango gani hakuweza kuuliza.

Nami nimefanya kilichonipasa. Ripoti yangu ya kurasa kumi na moja sasa ni somo la wiki ya kwanza kwa kila darasa ninalofundisha. Nakala ninayowapa ina sahihi yangu mahali pake, na pembeni mwa hitimisho, kwa mwandiko wa mkono, yapo maswali mawili ya mzee yule.